Ngozi Ingali Mbichi

Adhuhuri hiyo, mji ukiwa umejilaza kwa joto, Bi Mwanaidi alimtoa mjukuu wake Shani kwenye beseni akanyoosha mkono kuchukua taulo.

"Usimfute, mama," alisema Salha, mkaza mwanawe. "Daktari kasema tumpake mafuta ngozi ingali mbichi, kisha tumfunge khanga iliyoloweshwa."

"Mtoto ana pumu ya ngozi, nawe umlaze na maji? Mtaniulia mtoto kwa baridi!"

"Mwaka mzima tumemkausha, mama. Mtazame."

Bi Mwanaidi alimtazama. Nyuma ya magoti Shani alikuwa amejikuna hadi damu. Bibi akaliacha taulo, akachota mafuta mazito kwenye kopo, akampaka polepole, kama mfinyanzi anayelainisha chungu. Salha akamzungushia mtoto khanga kuukuu iliyokuwa ikichuruzika.

"Bibi," Shani alinong'ona akisinzia, "niko mtoni?"

"Uko mtoni, mke mwenzangu. Usiende mbali ukaniacha."

Vidole vya mtoto, ambavyo hata usingizini havikuwa vikikoma kukuna, vilifunguka juu ya mkeka. Bibi akainama kusikiliza pumzi zake, huku maji ya khanga yakitambaa sakafuni taratibu, kuelekea mlangoni, kwenye jua.