Ridhaa ya Yasinta

Jumatatu, tarehe 14 Agosti 1995. Asubuhi hiyo Ihanja ilikuwa na baridi kavu, na upepo uliovuka barabara kuu ulipeleka vumbi hadi mezani kwa Mtendaji wa Kijiji. Chediel aliliona vumbi likitua juu ya mkataba wa kuuza nyumba yake. Akalitazama tu.

Tangu shirika lilipompunguza kazi, huu mwaka wa pili, kila kitu alikitazama tu. Alikula bila njaa, akalala bila usingizi. Mkewe, Yasinta, alitoka kila alfajiri kwenda kwenye mashine ya kukamua alizeti, akarudi jioni nguo zikinuka mafuta. Chediel hakuwahi kumwuliza anapata nini huko. Kichwani mwake lilibaki wazo moja: machimbo ya dhahabu upande wa Shelui. Mtaji hakuwa nao, ila nyumba ile ya vyumba vitatu. Yasinta angeenda kukaa kwa kaka yake, Mitundu. Alimwambia hivyo wiki iliyopita wakiwa wanakula. Yasinta alimaliza ugali wake, akaosha sahani zote mbili.

Mtendaji, Bwana Melkiori, alifungua kikao kwa sala, kama kawaida yake. Alimwomba Mungu awaepushe na mikataba ya kujutia, kisha akavaa miwani.

"Haya. Muuzaji yupo. Mashahidi wapo, Mzee Alute na Mama Luciana. Mnunuzi je?"

"Mimi nimetumwa tu," alijibu Gaspari, mfanyabiashara wa mafuta ya alizeti aliyeketi karibu na mlango. "Mwenyewe atajitokeza wakati wa kuahidi."

"Ameiona nyumba?"

"Anaijua mpaka pale inapovuja."

"Basi tumebaki na ridhaa. Nyumba wanayokaa mume na mke haiuzwi mpaka mwenzi aridhie. Si maneno yangu, ni Sheria ya Ndoa."

"Mke wangu yule pale, hajasema kitu," alisema Chediel. "Kunyamaza si kukubali?"

"Hiyo ni kanisani, mchungaji akiuliza kama kuna mwenye pingamizi. Hapa ofisini anayenyamaza amenyamaza."

"Basi niweke dole gumba langu mara mbili, tumalize."

"La pili liwe la mkeo? Dole lako limeolewa lini, Chediel?"

Mama Luciana alicheka hadi khanga ikamdondoka begani. Mzee Alute akaona amepata nafasi, akainua mkono.

"Mtendaji, na mimi nina swali la sheria. Mwaka juzi niliuza mbuzi nikiwa nimelewa, nikaweka dole gumba. Mkataba ule ni halali?"

"Aliyenunua alikuwa mzima?"

"Alikuwa amelewa kunizidi."

"Na mbuzi?"

"Mwenye akili timamu pale alikuwa mbuzi peke yake. Jioni alirudi nyumbani."

"Basi mbuzi ameshahukumu, mzee wangu. Usikate rufaa."

Walicheka wote. Chediel alikisikia kicheko kile kama kinatoka nyumba ya jirani.

Melkiori akavua miwani, akamgeukia Yasinta.

"Mama, nisikilize vizuri. Ukikataa, biashara hii inafia hapa hapa, na hakuna wa kukufukuza. Kuna mtu amekutisha?"

"Hakuna."

"Amekulazimisha?"

"Hapana, Bwana Mtendaji."

"Unaelewa kwamba leo nyumba inatoka mikononi mwa mumeo?"

"Naelewa. Ndiyo maana nimekuja."

"Unaridhia?"

"Naridhia."

Alibonyeza dole gumba kwenye kidau cha wino, kisha kwenye karatasi, taratibu, kama mtu anayejaribu kama uji umepoa. Chediel alitegemea kilio. Alitegemea hata laana. Pengine laana ingemfinya mahali. Hakupata kitu. Amekufa ganzi kama mimi, aliwaza.

"Yasinta, mwanamke mwenzangu," Mama Luciana alinong'ona, "sasa utalala wapi?"

"Nitalala, dada."

Mtendaji aliusogeza mkataba mbele ya Chediel. "Unaona hapa pa jina la mnunuzi pako wazi. Kwetu mnunuzi huandikwa mwisho, akishaahidi. Lakini muuzaji ana haki ya kuuliza. Hutaki kujua unamwuzia nani?"

"Atakuwa mtu wa mjini. Ya nini? Mimi kesho nasafiri."

"Mwanangu, hata mwenye kuuza kuku huuliza anakwenda kwa nani," alisema Mzee Alute.

Chediel alibonyeza dole gumba lake kwenye karatasi. Gaspari akaweka mbele yake furushi la noti lililofungwa kwa gazeti, naye akalifunika kwa mkono bila kulifungua.

"Vizuri," alisema Melkiori, akachukua kalamu. "Mnunuzi sasa. Utaratibu wa kijiji mnaujua: asimame, aseme kwa sauti mbele ya mashahidi, atamfanyia nini anayemkuta ndani ya nyumba. Asipoahidi, siandiki jina."

Chediel alitazama mlangoni. Hakuingia mtu. Gaspari alikaa vilevile, mikono magotini.

Aliyesimama ni Yasinta.

"Andika Yasinta Isaka," alisema. "Naahidi mbele yenu na mbele za Mungu: mume wangu aende machimboni kwa amani, na siku atakayorudi, hata akirudi mikono mitupu, nitamfungulia mlango wa nyumba yangu."