Nguchiro na Golikipa Wake

Timu ya msituni ilifundishwa na Nguchiro, mnyama asiyejua kutulia. Asubuhi ya fainali aliuzunguka uwanja mpaka nyasi zikalala. Golikipa wake Komba, rafiki yake wa tangu utotoni, alikuwa amepungua kasi, na sasa Ngedere mwepesi ndiye aliyestahili kudaka. Nguchiro alikata shauri upesi, ila kulisema kukamshinda.

"Leo pumzika, ndugu yangu," alimwambia Komba. "Naona mguu unakusumbua."

Komba akautazama mguu wake, mzima kabisa, akaenda kukaa benchi.

Mechi ikiwa bado sare, Ngiri wa timu pinzani alimkumba Ngedere, na Ngedere akatolewa akichechemea. Nguchiro akakimbilia benchi.

"Komba, ingia haraka!"

"Siwezi, kocha. Mguu unanisumbua."

Wachezaji wote wakageuka. Mwamuzi akapuliza filimbi kuwahimiza. Nguchiro akamsogelea.

"Mguu wako mzima. Umepungua kasi, nami niliogopa kukwambia."

"Kuniweka benchi ni kazi yako," akasema Komba akivaa glavu. "Kunidanganya si kazi yako."

Akaingia, na mechi ilipofika kwenye penalti, akaupangua mkwaju wa mwisho kwa ncha za vidole. Uwanja ukalipuka. Nguchiro akamkumbatia huku machozi yakimlengalenga, lakini safari hii hakuzunguka.

"Ngedere akipona, yeye ndiye atakayedaka."

Komba akainamisha kichwa. Neno lile lilimuuma.

"Sawa, kocha," akasema hatimaye. "Mwambie aje kwangu, nimfundishe."