Jiko la Pili la Bi Nyamizi

Sheria ilikuwa nyumba moja, toleo moja. Fundi Maganga alimweleza Bi Nyamizi kwa upole, akiwa amechuchumaa ili asizungumze na mzee huku amemsimamia. Mashine inayomsaidia mjukuu kupumua ilihitaji toleo jipya la maktaba ya sauti, programu inayotambua maneno ya watu, na toleo hilo halikujua Kinyamwezi. Likiingia kwenye mtambo wa nyumba, bomba, taa na milango, ambavyo bibi aliviamuru kwa Kinyamwezi tu, havitamsikia tena.

"Basi weka yote mawili."

"Yatagongana, bibi. Mtambo utazimika, na mtoto je?"

"Mama yangu na mke mwenzake walikaa ua mmoja, kila mmoja na jiko lake. Mbona hawakugongana? Hiyo sheria yenu inasema nyumba ni nini?"

Maganga akajikuna kichwa. "Ni penye jiko lake."

Bi Nyamizi akatoka uani, akaanza kupanga mafiga mbele ya chumba chake.

"Mama, utatuponza!" mkwewe Tatu alilalamika.

"Nikifungwa nifungwe. Mtoto apumue, na mimi nisikike."

Figa la tatu lilikuwa zito. Maganga alilibeba mwenyewe, kisha akausajili ua ule kuwa nyumba mbili, kila moja na mtambo na toleo lake.

Jioni mtoto alilia upande wa Tatu. Bi Nyamizi aliuambia mlango wa Tatu kwa Kinyamwezi ufunguke, haukufunguka. Akaupiga kwa kiganja mpaka Tatu akaja kumfungulia. Akampakata mtoto, akamwimbia Kinyamwezi.

"Sauti haitambuliki," mashine ikasema. "Tafadhali nyamaza."

Bibi akapaza sauti, akaendelea kuimba.