Fundo la Pili

Ligi nzima wapinzani walimkaba Semeni kwa kulinda maeneo, naye akapenyeza pasi kwenye mianya kama anapita uani kwao. Kwenye nusu fainali wakamwekea mtu mmoja wa kumganda: dada yake Chausiku, aliyemfundisha mpira. Kila alikogeukia, dada alishafika.

"Utaniganda mpaka lini, dada?"

"Mpaka filimbi."

Dakika za mwisho, bado sare, mpira ulitoka nje. Chausiku akaona kamba ya kiatu cha mdogo wake imefunguka.

"Utaanguka, wewe. Lete mguu."

Akapiga goti, akaifunga kama zamani, asubuhi za shule. Mchezaji mwenzake Semeni akaurusha mpira kuelekea pale walipokuwa. Semeni aliuona ukija. Dada yake alikuwa bado anakaza fundo la pili.