Jibu la Kupeleka Kaburini

Masika alikuwa ameketi barazani kwao, Keshero, kitabu cha saba na cha mwisho cha hadithi ya malkia wa mlima kikiwa mapajani, wakati mama wa marehemu rafiki yake alipoingia.

“Mutoto wangu alisema malkia wa mulima hatakufa,” mama alisema. “Wewe ulisema atakufa. Mulibishana mwaka muzima.”

“Ndiyo, mama.”

“Mimi sijui kusoma. Niambie mwisho, nimupelekee jibu kaburini.”

Masika alikuwa amekimaliza asubuhi ile, na yeye ndiye aliyebashiri sawa. Kidole chake kilikuwa kimebana ukurasa wa mwisho hata ukucha ukageuka mweupe.

Akakifungua kitabu mwanzoni kabisa, akamsogezea mama kiti.

“Ikala, mama. Nitakusomea yote, polepole.”