Mita Haisemi Uongo

Asubuhi nzima Mama Barafu alikitafuta kitambaa chake cha meza, kumbe kiko juu ya paa, kimechanwa vipande vitatu na kufungwa kwenye fito. Mumewe alikuwa huko huko na daftari, akihesabu kila kilipopepea. Alisema anapima upepo.

Mtaani walimwita Mzee Kipimo. Tangu astaafu ualimu hakuwa na mwanafunzi wa kumsumbua ila mkewe, na sasa alikuwa amekata shauri: nyumba yake ijitoe kwenye umeme wa shirika. Paneli za jua juu ya paa, feni ya upepo kwenye mlingoti, betri stoo, basi. Mama Barafu alimuunga mkono kwa moyo wote. Yeye aliuza barafu na maji baridi kwa mafundi wa majengo, na kila umeme ulipokatika, mtaji wake uliishia kwenye tambara la deki.

Balaa lilianzia kwenye hesabu. Fundi sola, mtu mpole aliyezoea wateja wabishi, alipita chumba kwa chumba akiandika kila kinachokula umeme: taa, redio, pasi, friza. Akajumlisha, akasema uniti sita kwa siku zinawatosha. Paneli kumi na ile feni zitamudu, na paa lao lilibeba kumi hasa. Mzee Kipimo akaenda kusoma mita. Mita ikasema kumi na nane.

Fundi akakuna kichwa. Akaomba afungue kisanduku cha swichi kuu afuate nyaya, moja baada ya nyingine, aone zinakokwenda.

Mzee Kipimo hakuwa mtu wa kufungua kitu cha shirika bila ruhusa. Akamwita jirani yao wa ukuta mmoja, mkaguzi wa shirika la umeme, aliyevaa sare mpaka Jumapili. Mtaa mzima ulimwogopa, maana nusu yao alishawakatia umeme kwa kuchezea nyaya. Mkaguzi alikuja na tochi, akakitazama kisanduku bila kukigusa, akasema atakayekifungua atalala ndani. Kisha akaingia jikoni, akasimama mbele ya friza kama daktari mbele ya mgonjwa asiyepona.

"Mita haisemi uongo, mzee wangu," alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Toka siku hiyo Mama Barafu akawa mshitakiwa nyumbani kwake. Alichomoa friza kutwa nzima na usiku wake ili ajisafishe. Mita ikashuka uniti tatu tu, na mumewe akaandika daftarini kwamba mke ameichomeka tena kwa siri. Mama Barafu alilia siku ile, si kwa ajili ya barafu. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, leo anaambiwa mwizi kwa kuwa sindano ya mita imesema na yeye amesema, ikaaminiwa sindano.

Mkaguzi, Mungu ampe nini, hakuwaacha. Kila jioni alikuja kumshauri mzee. Jua la huku, alisema, ni la kuanikia nguo tu, halifai umeme. Upepo nao hauna msimamo. Kwa nini asibaki tu na shirika, akapunguza matumizi ya mama? Mzee Kipimo akashika nusu ya ushauri: sola ataweka, na friza itauzwa. Mnunuzi akapatikana, akatoa arubuni, akasema atatuma wachukuzi siku ya uzinduzi.

Ndiyo, uzinduzi. Mzee Kipimo asingeweza kuwasha taa kimyakimya kama watu wengine. Fundi, kwa vile alikatazwa kisanduku cha zamani, alivuta nyaya mpya nyumba nzima mpaka kwenye kisanduku kipya. Jumamosi alasiri majirani walipangwa kwenye viti barazani, mkaguzi kiti cha mbele. Fundi akawasha. Taa zikawaka, redio ikaimba, feni huko juu ikazunguka kwa maringo.

Mzee Kipimo akahutubia juu ya kujitegemea. Alihutubia sana. Wakati huo wachukuzi wawili walikuwa wanaitoa friza jikoni, na Mama Barafu akawatangulia kuwafungulia milango, uso mkavu, maana machozi yalikwisha. Ndani ya friza alishapangusa mwenyewe. Hakutaka watu baki waseme ilikuwa chafu.

Hotuba ilimpanda mzee kichwani. Akageukia ukutani, kwenye swichi kuu ya zamani, akainua mkono.

Mkaguzi akanyanyuka nusu kitini. "Hiyo iache, mzee. Haina kitu tena. Iwe akiba tu."

"Akiba ya nini? Mshika mbili, moja humponyoka."

Akaishusha.

Taa zake zikaendelea kuwaka, redio ikaendelea kuimba. Watu wakapiga makofi, na fundi, kwa mara ya kwanza tangu aijue nyumba ile, akacheka.

Makofi hayajaisha, kichwa cha mke wa mkaguzi kikachomoza juu ya ukuta, kimejaa povu la sabuni.

"Baba Watoto, njoo uangalie. Umeme umekatika kwetu, na mtaa mzima upo."

Mzee Kipimo alibaki na mkono kwenye swichi, akimtazama jirani yake, kisha mkewe. Mama Barafu hakumtazama. Aliwageukia wachukuzi, waliokuwa wameshafika kizingitini.

"Irudisheni jikoni," alisema. "Na kitambaa changu kipya atanunua mkaguzi."