Mkanda wa Mama Wodi

Bi Ruzuna, aliyekuwa akistaafu siku hiyo, alivua mkanda mwekundu wa mkuu wa wodi ya wazazi akamfunga nao kiunoni muuguzi Shaame, mrithi wake. Haukumtosha. Akautoboa tundu jipya kwa mkasi, nchani kabisa.

“Vuta tumbo, mwanangu! Mama Wodi huyo!”

Wauguzi wakapiga vigelegele. Kila mkuu wa pale aliitwa Mama Wodi, na kabla ya Shaame mwanamume hakuwahi kutokea.

Mara mjamzito mmoja akapiga ukelele kitandani: “Mama Wodi, nakufa!”

Kwa mazoea, wote wakamgeukia Bi Ruzuna. Yeye akakunja mikono, akatazama dari.

“Naam!” Shaame aliitika kwa sauti nene, mbio moja hadi kitandani.

Mwanamke akafumbua macho, akaona ndevu. Akasita. Kisha uchungu ukamrudia, akaukamata ule mkanda kwa mikono miwili.